Kuacha Kujichosha kwa Kazi Kabla Mwili Haujakuachisha: Mwongozo Kamili

Mtu anayefika kazini kabla ya wenzake na kuondoka wakati mlinzi ameshashika kufuli husifiwa sana katika miji yetu hapa Kenya, iwe Kisumu, Nakuru, Kakamega au Kisii. Sifa hiyo ina msingi: karo, kodi ya nyumba na mahitaji ya wazazi havisubiri, na wengi wetu tulisomeshwa na watu waliofanya kazi mbili au tatu bila kulalamika. Hata hivyo, kufanya kazi kwa bidii ni jambo moja na kufanya kazi bila mpaka ni jingine, na mwongozo huu unahusu hilo la pili. Msimamo wangu ni kwamba tabia ya kujichosha haivunjwi kwa kujikaza, wala kwa wiki moja ya mapumziko Mombasa. Huvunjwa kwa kuziandika saa unazofanya kazi, kuzipunguza, na kuzijadili waziwazi na wale wanaozitegemea, yaani msimamizi, mwenzi wako, ndugu na wateja.

Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Mwaka 1997 watafiti wawili, Mina Westman na Dov Eden, walichapisha matokeo ya kuwapima wafanyakazi kabla ya likizo, wakiwa likizoni na baada ya kurudi. Uchovu ulishuka wakati wa likizo, lakini wiki tatu baada ya kurudi kazini ulikuwa umepanda tena hadi ulipokuwa mwanzo. Likizo ni haki na ni ya lazima, ila mtu akirudi kwenye kazi ileile isiyo na mwisho, hali ileile itamrudia.

Uchovu huu ni upi hasa

Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliieleza hali hii mwaka 1974, baada ya kuiona kwa watu waliojitolea kuhudumu katika kliniki ya bure, akiwemo yeye mwenyewe. Inafaa kukumbuka jambo hilo: waliochakaa kwanza walikuwa wale walioipenda kazi yao na kuwahurumia waliowahudumia. Mwalimu anayeshindwa kumfukuza mwanafunzi mwenye swali saa 12 jioni, muuguzi anayekubali zamu ya mwenzake kwa sababu wodi imejaa, na mhudumu wa afya ya jamii anayepigiwa simu usiku wa manane wako karibu na hatari hii kuliko mtu asiyejali.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama tatizo la kikazi linalotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haujadhibitiwa. Limetaja alama tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu kabisa. Ya pili ni kujitenga na kazi kimawazo, kuichukia au kuidharau. Ya tatu ni kuona kwamba unachokifanya hakileti tija tena.

Katika maisha ya kila siku alama hizo huonekana kwa mambo madogo. Muuguzi aliyezoea kumwita mgonjwa kwa jina sasa anasema "yule wa kitanda namba 9." Mwalimu anaketi mbele ya rundo la vitabu vya kusahihisha, anafungua kitabu cha juu, anasoma sentensi ya kwanza mara nne, kisha anakifunga na kushika simu. Mwenye duka anamjibu mteja wa siku zote kwa ukali ambao hata yeye haujui umetoka wapi. Ukiona alama ya pili, ya kuwachukia watu uliowahudumia kwa moyo, usijilaumu kwamba umekuwa mtu mbaya. Chukulia kwamba mzigo umezidi, na uanze kuupima.

Kabla ya kuupima, nenda zahanati au hospitali. Katika eneo la Ziwa Victoria hasa, uchovu usioisha unaweza kuwa malaria, upungufu wa damu au kifua kikuu, na popote pale unaweza kuwa kisukari, shinikizo la damu, tatizo la tezi ya shingoni au sonona. Omba upimwe damu, sukari na presha, na umweleze daktari unalala saa ngapi. Si busara kupanga upya maisha yako yote wakati kinachokuangusha ni ugonjwa unaotibika.

Hatua ya kwanza: andika saa zako kwa wiki mbili

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila siku andika saa uliyoanza kazi, saa uliyomaliza, na kila kazi iliyoingia katikati au baada ya hapo, hata kama ilichukua dakika kumi. Kujibu ujumbe wa msimamizi ukiwa umelala kitandani ni kazi. Kuhesabu pesa za duka baada ya kula ni kazi. Kupika, kufua, kuchota maji na kumsaidia mtoto kazi ya shule ni kazi pia, ingawa hailipwi, nayo ipate safu yake katika daftari. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu nchini mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, kwa hiyo mwanamke anayehesabu saa za ofisini peke yake anaacha nje sehemu kubwa ya mzigo wake.

Usibadilishe chochote katika wiki hizo mbili. Lengo ni kuona hali ilivyo, na wengi hushangaa, kwa kuwa kumbukumbu huzihesabu siku nzuri na kuziacha zile zilizomalizikia saa 5 usiku.

Mwishoni, jumlisha saa za kazi za kila wiki. Kuna kiwango kimoja ambacho ningependa ukikariri: saa 55. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupatwa na kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba, ikilinganishwa na kufanya kazi saa 35 hadi 40. Walikadiria vifo 745,000 duniani kwa mwaka 2016 pekee. Kiharusi si neno geni katika vijiji vyetu, ila ni nadra kusikia jamaa wakiuliza marehemu alikuwa akifanya kazi saa ngapi.

Hatua ya pili: tafuta kinachozisukuma saa hizo

Pitia daftari na mbele ya kila saa iliyozidi andika sababu yake kwa neno moja au mawili. Katika mazingira yetu, sababu nyingi huangukia kwenye mafungu machache.

Fungu kubwa kuliko yote ni deni. Mkopo wa sacco unakatwa kwenye mshahara, wa simu unadai kila mwezi, Fuliza, ile huduma ya M-Pesa ya kukopeshwa salio likiisha, inameza pesa zinapoingia, na mtu anaongeza kazi ya jioni ili afidie. Hapa usianze na saa. Anza na hesabu. Tuseme mwendeshaji wa bodaboda huko Kondele huongeza saa tatu kila usiku na kupata shilingi 400. Mafuta yanachukua 130, chakula cha usiku 100, na matengenezo ya pikipiki yanayosababishwa na saa hizo hayapungui 50. Kinachobaki ni 120, yaani shilingi 40 kwa saa, tena katika saa ambazo barabara ina hatari zaidi. Akiiona hesabu hiyo kwa maandishi, anaweza kuamua kwamba ni afadhali azungumze na sacco arefushiwe muda wa kulipa, hata kama riba itaongezeka kidogo. Si kila kazi ya ziada hulipa vibaya hivyo, lakini ni wachache waliowahi kutoa gharama na kuona kinachobaki.

Fungu la pili ni woga wa kupoteza kazi, ambao nitaurudia kwenye hatua ya nne. La tatu ni kushindwa kumwachia mtu mwingine, kwa kuamini kwamba hakuna atakayeifanya kazi vizuri kama wewe. La nne halisemwi mara nyingi: kuna watu wanaobaki kazini kwa sababu nyumbani hakuna amani, au kwa sababu wanaomboleza, na kazi huwasaidia wasifikiri. Ikiwa hiyo ndiyo sababu yako, hakuna ratiba itakayokufaa kabla hujapata mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo ruka moja kwa moja hadi sehemu ya msaada.

Hatua ya tatu: punguza kwa hesabu

Azimio la "nitakuwa nikipumzika zaidi" halidumu hata wiki. Kinachodumu ni kujua saa ipi inaondoka, inaenda kwa nani, na kuanzia lini.

Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari mjini Nakuru anayeishi Free Area. Anafika shuleni saa 12 na nusu asubuhi kusimamia masomo ya alfajiri na kuondoka saa 11 jioni, siku tano, hivyo ana saa 52 na nusu. Kila usiku wa siku ya shule anasahihisha kwa saa moja na nusu nyumbani, jumla saa 7 na nusu. Jumamosi anafundisha masomo ya ziada kwa saa 5. Jumapili baada ya ibada hukaa saa 3 akipanga hesabu za duka lake la M-Pesa. Jumla ni saa 68, na hatujagusa kazi za nyumbani.

Mwalimu huyu hawezi kuacha kazi, na duka linalipa karo ya mtoto. Lakini akitazama ratiba anaona vipindi vitupu kila siku ambavyo huishia kwenye mazungumzo ya chumba cha walimu. Akivitumia vipindi hivyo kusahihisha, saa 5 za usiku zinaondoka. Akikubaliana na wenzake kwamba masomo ya Jumamosi yafundishwe kwa zamu, yeye akifika Jumamosi moja na kupumzika inayofuata, anaokoa wastani wa saa 2 na nusu kwa wiki. Kijana anayehudumu dukani anaweza kufundishwa kuandika hesabu za kila siku jioni, mwalimu akazikagua kwa dakika chache siku ya kawaida akienda nyumbani, na saa 3 za Jumapili zikarudi kwa familia. Akiomba asisimamie masomo ya alfajiri siku mbili kwa wiki, afike saa 1 na nusu badala ya saa 12 na nusu, anapata saa 2. Akiondoka saa 10 na nusu badala ya saa 11, ni saa 2 na nusu zaidi. Ameondoa saa 15 na kubaki na 53.

Saa 53 bado ni nyingi, na sitaki kumdanganya mtu kwamba amefika. Lakini yuko chini ya kile kiwango cha 55, analala mapema, na Jumapili yake ni nzima. Baada ya miezi miwili anaweza kuendelea kupunguza.

Wapo watakaohofia kwamba kazi itaharibika. Mwanauchumi John Pencavel alichambua upya kumbukumbu za viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na katika makala yake ya mwaka 2014 alionyesha kwamba kazi iliyozalishwa haikuongezeka tena kwa kadiri ya saa mara zilipopita takriban 50 kwa wiki, na kwamba waliofanya saa 70 walizalisha kwa kiasi kilekile cha waliofanya saa 56 au zaidi kidogo tu. Zile saa 14 za ziada zilikuwa karibu bure. Mwalimu anayesahihisha insha ya arobaini saa 5 usiku anajua jambo hilo hata bila kusoma utafiti wowote.

Hatua ya nne: zungumza na msimamizi, na ujue sheria

Hapa ndipo wengi hukwama, nami ningependa tukae kidogo. Mpango wa hatua ya tatu hauna maana ikiwa msimamizi hajaujua, kwa kuwa atajaza kila pengo utakalofungua. Usiende kwake siku uliyokasirika. Omba dakika kumi na tano, nenda na daftari, na upeleke pendekezo pamoja na malalamiko. Unaweza kusema hivi:

"Madam, asante kwa kunipokea. Nimekuwa nikiandika saa zangu kwa wiki mbili, na nimeona nafanya kazi saa 68. Kazi naipenda na ningependa niendelee kuifanya vizuri, lakini kwa hali hii nimeanza kufanya makosa. Naomba masomo ya Jumamosi tuyapange kwa zamu. Nimeshazungumza na walimu wawili na wamekubali. Na ikiwa kuna kazi mpya itakayokuja muhula huu, naomba tuamue pamoja ipi kati ya hizi nilizo nazo itakayosubiri."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Hujakataa kazi, umemfanya mwenye mamlaka achague kinachotangulia, jambo ambalo ni wajibu wake. Baada ya mazungumzo, mwandikie ujumbe mfupi wa kumshukuru na kutaja mlichokubaliana, ili kibaki kwenye maandishi.

Sheria nayo iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinampa likizo isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo kamili baada ya kila miezi 12 ya utumishi mfululizo. Kifungu cha 30 kinatoa likizo ya ugonjwa baada ya miezi miwili ya utumishi: angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, ukiwa na cheti cha daktari. Na kwa wale wanaoogopa kufutwa, kifungu cha 46 kinasema kwamba kwenda likizo, au kuomba likizo unayostahili, si sababu halali ya kufukuzwa kazi wala kuadhibiwa. Kwa wafanyakazi walio chini ya agizo la jumla la mishahara linalotolewa na serikali, wiki ya kawaida ni saa 52 zilizogawanywa katika siku sita, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu siku za kazi na mara mbili siku za mapumziko na sikukuu. Walimu, wauguzi wa serikali na wafanyakazi wenye vyama, wakiwemo wengi wa mashamba ya maua ya Naivasha, wana masharti yao ya utumishi au mikataba ya pamoja ambayo huenda ikawa bora zaidi. Omba nakala kwa mwakilishi wa chama chako na uisome mwenyewe.

Usiianze safari kwa kutaja vifungu. Vitaje ikiwa mazungumzo ya heshima yameshindikana. Ofisi za leba ziko Kisumu, Nakuru na miji mingine mikubwa ya eneo hili, na kupeleka lalamiko huko hakuhitaji wakili.

Anayejiajiri hana bosi wa kuzungumza naye, na mara nyingi yeye ndiye msimamizi mkali kuliko wote. Mama mwenye kibanda cha mboga Kibuye au fundi wa Nakuru atahitaji kuwatangazia wateja. Bandika saa za kufungua na kufunga mahali panapoonekana, na uzishike hata siku ambayo mteja mmoja atanuna. Siku mbili za kwanza wengine wataondoka, halafu wengi watazoea kuja mapema.

Hatua ya tano: ifunge siku

Sisi tulio karibu na Ikweta, ambayo hupita pale Maseno, tuna bahati moja: jua la Kisumu huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 usiku mwaka mzima. Giza hilo, au adhana ya magharibi kwa walio karibu na msikiti, linaweza kuwa alama yako ya kufunga. Chagua saa moja na uitaje kwa watu wa nyumbani, kwa kuwa watoto hukumbusha bila huruma.

Robo saa kabla ya saa hiyo, andika kazi ambazo hazijamalizika, na mbele ya kila moja andika utaianza lini kesho na kwa hatua gani. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliripoti mwaka 1927 kwamba kazi iliyokatizwa hukaa akilini zaidi ya iliyokamilika, na majaribio ya E. J. Masicampo na Roy Baumeister yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kuandika mpango mahususi wa kuimalizia hupunguza usumbufu huo hata kama kazi yenyewe haijaguswa. Ndiyo maana orodha yenye maneno "ripoti, barua, stoo" haitoshi. Andika "saa 2 asubuhi: kumpigia wa stoo kuhusu magunia 12."

Simu ina sehemu yake. Ondoa sauti ya makundi ya kazi kwenye WhatsApp kuanzia saa uliyofunga, na uwaeleze wenzako kwamba jambo la dharura lipigiwe simu. Utagundua kwamba mtu aliyekuwa akituma ujumbe saa 4 usiku hapigi, kwa sababu jambo lake lingeweza kusubiri. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka Seneti mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi. Wewe huhitaji kungoja sheria ili kukubaliana na watu watano wa idara yako.

Kwa wanaofanya kazi za zamu, saa ya kufunga itabadilika, na hapo usingizi ndio wa kulindwa kwanza. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 kwenye damu, kwa mujibu wa vipimo vilivyofanywa Australia miaka ya 1990, na huyo ndiye tunayemkuta akiendesha matatu ya usiku kati ya Nairobi na Kisumu au akipima dawa alfajiri. Miraa, muguka na vinywaji vya kuongeza nguvu huficha usingizi bila kuuondoa.

Hatua ya sita: wikendi, mazishi na mahitaji ya ndugu

Miongozo mingi hudhani kwamba mtu akitoka kazini anapumzika. Kwetu, Ijumaa jioni mtu hupanda gari kwenda Siaya, Vihiga, Homa Bay au Bungoma kwa matanga, hukesha, husaidia kupanga viti na maji, humzika mpendwa Jumamosi, hukaa kwenye kikao cha familia, kisha hurudi Jumapili usiku akiwa amesimama. Jumatatu huanza kazi akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Wikendi tatu za namna hiyo kwa mwezi hufuta mapumziko yote aliyoyapata kwa hatua zilizotangulia.

Sisemi watu waache kuzika. Kumsindikiza marehemu na kuketi na wafiwa ni nguzo ya utu wetu, na kuna misiba isiyo na mjadala. Ninachopendekeza ni kupanga kwa madaraja. Misiba ya nyumba yako na marafiki wa karibu, fika na ukae. Ile ya ukoo mpana, nenda siku ya mazishi pekee bila kukesha. Ile ya jamaa wa mbali au wa mwenzako wa kazini, tuma mchango mapema, piga simu, na uende kuwaona wafiwa wiki kadhaa baadaye, wakati watu wametawanyika na boma limekuwa kimya. Mara nyingi ziara hiyo ya baadaye ndiyo wanayoikumbuka.

Michango nayo itengewe kiasi kila mwezi. Ndugu akipiga simu baada ya kiasi hicho kuisha, unaweza kumjibu kwa upole: "Kaka, nimesikia, na jambo hili ni letu sote. Mwezi huu mfuko wa nyumbani nimeshaumaliza. Niweke kwenye orodha ya tarehe 5 mwezi ujao, nitatuma 1,000." Jibu lenye tarehe na kiasi huheshimiwa kuliko ukimya, na linakuondolea haja ya kutafuta kibarua cha usiku ili utimize ahadi uliyoitoa kwa aibu.

Kuna jamii miongoni mwetu zilizolitatua jambo la siku ya mapumziko zamani. Waadventista, ambao ni wengi Kisii, Nyamira na Nyanza Kusini, huacha kazi jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, na maduka yao hufungwa bila mtu kuona ajabu, kwa sababu siku hiyo inajulikana na wateja, na maandalizi yake hufanywa mapema. Awe na dini gani, mtu anaweza kuiga utaratibu huo: siku moja inayojulikana na wote, chakula kikiwa kimepangwa na nguo zimefuliwa kabla. Nyumbani, kazi zigawanywe kwa majina. Mume na watoto wakubwa wakipewa jiko kila Jumamosi jioni, mama naye anapata siku.

Msaada

Ikiwa umepunguza saa kwa mwezi mzima na bado huna usingizi, hamu ya chakula wala furaha kwa kitu chochote, zungumza na mtaalamu. Hospitali za rufaa zina huduma za afya ya akili, zikiwemo Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu na Moi mjini Eldoret, na mwajiri mkubwa anaweza kuwa na mshauri ambaye hujawahi kuambiwa habari zake. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini lina nambari ya ushauri nasaha isiyolipishwa, 1199. Mchungaji, padri au imamu unayemwamini anaweza kuwa mlango wa kwanza, mradi asikuzuie kwenda hospitali.

Mawazo ya kutotaka kuishi yakikujia, usingoje mwezi uishe wala usingoje kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe aketi nawe, na mwende hospitali pamoja. Usizuiwe na hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Ikiwa kazi yenyewe haibadiliki

Rudia kuandika saa zako wiki moja katika kila miezi mitatu. Zikiwa zimepanda tena, tafuta ni makubaliano yapi yaliyovunjwa na urudi kuzungumza. Kuna mahali ambapo utazungumza mara tatu kwa heshima na hakuna kitakachobadilika, kwa kuwa biashara yenyewe imejengwa juu ya watu wachache kufanya kazi ya wengi. Hapo ni halali kupanga kuondoka, lakini kwa utaratibu. Weka akiba ya gharama za miezi mitatu au zaidi, ukiacha kwanza kuchukua mikopo mipya. Omba likizo yako iliyosalia kabla ya kutoa taarifa, au hakikisha italipwa. Toa notisi kwa maandishi kulingana na mkataba. Na siku ya mwisho usiondoke bila cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri akupe ikiwa umefanya kazi kwa angalau wiki nne mfululizo, hata kama mmeachana bila maelewano.